Matanga ya Mto Machelele

Zubeiri alipotangaza kwenye benchi la kahawa kwamba kesho, maji ya alasiri yakijaa, anakwenda kuziba mdomo wa Mto Machelele kwa wavu wa chandarua, wanaume wote waliokuwepo walipata ghafla kazi ya kutazama vikombe vyao. Zubeiri ndiye mwenye mashua kubwa kuliko zote kijijini, tumbo kubwa kuliko yote kijijini, na sauti inayoweza kumwita mtu kisiwa cha pili bila kununua vocha. Mtu kama huyo hapingwi. Anaongezewa kahawa.

Tasnim alikuwa anapita na kapu la kamba wakavu kichwani. Akasimama.

"Mtani, mto umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na kina mama. Kitambaa kile pale mdomoni hukukiona?"

"Nimekiona. Nikajua Mmatumbi kaanika nguo yake ya ndani kasahau kuanua."

Benchi zima likacheka. Tasnim naye akacheka, tena akacheka kwa nguvu kuwashinda, maana mtani akikupiga neno ukanuna, umekwisha. Kwao Tasnim ni Wamatumbi, kwao Zubeiri ni Wandengereko, na kijijini kwao huku Salale hilo linatosha kuwapa ruhusa ya kutukanana toka asubuhi mpaka kiyama. Anayekasirika analipa jogoo, na jogoo huyo analiwa mbele yake huku akiambiwa ni mgumu.

Lakini akiwa njiani kurudi, kicheko kilimwishia mdomoni.

Machelele si mto ambao mtu angehangaika kuuchora kwenye ramani. Ni mkono mwembamba wa bahari ulioingia kwenye mikoko, ukajikunja kunja kama mtu anayetafuta pa kulala, ukaishia kwenye tope. Ila humo ndimo kamba wachanga wanamokulia kabla ya kutoka kwenda bahari kuu. Zamani, wakati bibi yake Tasnim, Bibi Waride, akiwa msichana, wanawake walikuwa wanauchomekea mti mdomoni kila mwaka kamba wanapoingia wakiwa wadogo kama chembe za mchele, wanafunga kipande cha kaniki juu yake, basi. Hakuna mlinzi, hakuna bunduki. Mwenye wavu akiona kitambaa cheusi anageuza mtumbwi, mpaka siku kina mama wenyewe watakapokwenda kukifungua kwa vigelegele. Ndivyo mababu walivyowaachia maji yale, na wao wakaachiwa na mababu zao.

Kisha mambo yakaingiliana. Kaniki zikapotea, vyandarua vikaja, watu wakavua kamba wakubwa, wakavua wa kati, wakavua wachanga, ikabaki kuvua tope. Mwaka huu Tasnim, mwenye cheti chake cha kidato cha nne kutoka Kibiti na mdomo usio na cheti, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akapiga kelele mpaka watu wakakubali ili anyamaze. Kitambaa kikafungwa. Na kamba wakarudi! Juzi alichungulia kutoka kwenye mtumbwi akawaona, wa saizi ya ukucha, wanarukaruka kama wamealikwa harusini.

Zubeiri akiziba mdomo maji yakiwa yamejaa, yakianza kupwa yatamwachia wavuni kila chenye mkia. Na Zubeiri akipita, nani atabaki? Keshokutwa kijiji kizima kitakuwa ndani ya Machelele na vyandarua vyao, na kile kitambaa kitakuwa nguo ya ndani kweli. Hakuna mtu atakayekifunga tena. Kamati ya ulinzi wa maji ipo, sawa, lakini mwenyekiti ni shemeji yake Zubeiri, katibu ni mkwewe, na mashine ya boti ya doria imelala kwa fundi tangu Ramadhani.

"Anakwenda kuuua mto, Bibi," Tasnim alisema alipofika nyumbani, akalitua kapu kama amelikosea nini. "Mchana kweupe. Na watu wanamnywesha kahawa."

Bibi Waride alikuwa anachambua mchele. Ni kikongwe mfupi, hana meno ya mbele, na anapenda misiba kuliko harusi kwa sababu kwenye misiba, anasema, wapishi hawana haraka.

"Akiuua mto, msiba utakaa kwa nani?"

"Msiba gani tena?"

"Nakuuliza tu. Maana Zubeiri ana mabata."

Tasnim akamtazama bibi yake. Bibi akamtazama mjukuu wake. Kikapita kitu kati yao, kama mwanya wa jino unavyopitisha upepo, na wote wawili wakaanza kucheka, Bibi Waride mpaka mchele ukamwagika.

Asubuhi, jua lilipokuwa limepanda kiasi cha kukausha umande, Zubeiri alikuwa amekwisha kunywa chai akarudi kulala, anasubiri maji. Maji yenyewe yalikuwa yamepwa mbali kabisa, bamvua hilo, na mashua yake ilikuwa imekaa kwenye tope kama bata, wavu umepakiwa tayari. Wanawake wakaingia uani kwake bila hodi, wamejifunika khanga mpaka machoni. Mbele alikuwa shoga yake Tasnim, Subira, ambaye Mungu alimnyima urefu akamlipa kwa koo. Amebeba beseni la maji ya Machelele lililofunikwa khanga mpya. Huyo ndiye marehemu.

"Sikilizeni," Bibi Waride aliwaonya wakitandika mikeka. "Dua hatusomi, Yasini hatugusi. Mungu hana utani na mtu. Ni kilio tu, na pilau."

Mke wa Zubeiri, Zuhra, alikuwa anafagia. Aliegemea ufagio, akasikiliza mambo yote kutoka kwa Tasnim, akaingia ndani akatoka na kanzu ya mumewe, kofia yake, bakora yake na takia.

"Hilo takia lipandishe juu," akasema. "Tumbo lake linaanzia hapa kwenye chembe cha moyo. Hapo sawa. Sasa tembea." Tasnim akatembea. "Hapana shoga yangu, yeye mguu wa kulia anautupa nje, kama anamfukuza kuku."

Hii desturi ya kuvaa nguo si ya kubuni. Delta nzima inaijua: mtu akifa, mtani wake ndiye anayeichukua kanzu ya marehemu akaivaa, akatembea kama alivyokuwa akitembea, akakohoa kama alivyokuwa akikohoa, mpaka mjane anacheka katikati ya kilio. Tasnim aliichukua desturi hiyo ili amkere Zubeiri aliye hai. Hakufikiria zaidi ya hapo. Ndiyo tabu ya kuwa mwerevu asubuhi mapema.

"Machelele weeee!" Subira akafungulia koo. "Umetutoka! Umetuachia tope tupu!"

"Kaacha watoto wachanga!" akaitikia Bibi Waride. "Hata sharubu hazijawaota!"

Tasnim akajitokeza na kanzu, akitupa mguu. "Acheni kelele!" akanguruma. "Mimi Zubeiri ndiye niliyemziba pumzi. Alikuwa ananisumbua. Kila nikifika ananipa kamba, kila nikifika ananipa kamba, nikachoka kupewa!"

Wanawake wakagaagaa kwenye mikeka, huyu analia huyu anacheka, ukiwatazama kwa mbali hujui yupi ni yupi.

Mlango ukafunguka. Zubeiri akatoka na shuka na singlendi, jicho moja bado limelala. Akajiona amesimama uani, ameshika bakora. Akarudi ndani. Akatoka tena.

"Nani kafa?"

"Mto wako, mtani," akasema Tasnim. "Pole. Marehemu yuko kwenye beseni."

Mishipa ya shingo ya Zubeiri ilivimba mpaka Tasnim akaanza kumwonea huruma jogoo. Lakini Zubeiri hakuzaliwa jana. Alivuta pumzi, akalichungulia beseni, akacheka kicheko kikavu kama cha kuazima.

"Mmenipata, Wamatumbi. Basi lieni, lieni vizuri. Mkimaliza mfagie. Maji yakijaa mimi naondoka na wavu wangu, na nikirudi nitawaletea marehemu wengine kwenye ndoo." Akachukua kopo la maji, akaenda zake msalani nyuma ya nyumba, akipiga mluzi.

Subira akanyamaza katikati ya neno. Tasnim akasimama na takia lake. Utani umempata mtu, umempata hasa, na haukumzuia hata chembe. Akatazama baharini. Kule mbali, kwenye mstari wa mikoko, maji yalikuwa yameanza kurudi.

"Nifanye nini, Bibi?"

"Endelea kutembea," akasema Bibi Waride. "Bata hajachinjwa."

Basi Tasnim akaendelea kutembea, huko na huko ufukweni, mguu nje, bakora juu, na wanawake wakaendelea kulia kwa kukosa la kufanya. Wakati huo boti ya abiria kutoka Nyamisati ilikuwa inapita mkondoni. Ndani yake alikuwemo Mudy, kijana wa hapo hapo kijijini, ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia. Akaona uani kwa Zubeiri wanawake wamekaa chini kwenye mikeka wanalia. Akaona moshi. Akaona mtani amevaa kanzu ya Zubeiri anatembea mwendo wa Zubeiri.

Nani angehitaji kuuliza? Mudy akapiga picha, akairusha kwenye status na vikatuni vinne vya kulia: *Mzee Zubeiri hatunaye tena. Delta imempoteza jabali.*

Mtumbwi wa kwanza ulifika kabla maji hayajawa na kina cha kuufikisha ufukweni. Waliomo wakateremka, wakaja wanatembea kwenye tope mpaka mapajani, wanalia. Aliyetangulia alikuwa Twalibu, mzee wa kisiwa cha pili, aliyegombana na Zubeiri kwa sababu ya nanga moja na hawakusalimiana tangu hapo. Amebeba gunia la mchele begani, machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

"Kazikwa?" akamuuliza Tasnim.

Tasnim akafungua mdomo. Ndipo akaelewa alichokuwa amekivaa. "Babu Twalibu, subiri, hakuna..."

"Nilimnunia mtu mzima kwa chuma!" Twalibu akalia. "Chuma! Nanga yenyewe ina kutu!"

Hapo ndipo Zubeiri, akirudi msalani kwa mara ya pili asubuhi hiyo, alipotokea nyuma ya nyumba na kopo lake, akipiga mluzi.

Twalibu akakaa. Hakutafuta pa kukaa, alikaa tu, kwenye tope, na gunia lake. Mama mmoja nyuma yake aligeuka akakimbia kurudi majini, akaupita mtumbwi wao, akaendelea. Ilibidi Subira amfuate akimwita kwa jina.

"Twalibu?" akasema Zubeiri. "Wewe, umekuja kwangu?"

"Nimekuja kukuzika," akasema Twalibu kwa sauti nyembamba.

Simu ya Zubeiri ikalia ndani ya nyumba. Zuhra akaileta akiwa ameishika mbali na sikio, maana kilio kilikuwa kinasikika bila kubonyeza kitu. Alikuwa Mwanamina, dada yake Zubeiri aliyeolewa Ngorongo.

"Nipe aliye na maiti ya kaka yangu!" Mwanamina alikuwa anapiga kelele. "Asizikwe! Nakuja na pikipiki!"

Zubeiri akaichukua. "Mwanamina, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Zubeiri."

Kikasikika kishindo, kama simu imeanguka kwenye sufuria, na ukelele uliotoka Ngorongo mpaka Salale pengine bila msaada wa mtandao. Zubeiri akabaki ameitazama simu. "Kaniogopa," akasema, kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. "Dada yangu wa tumbo moja."

Tasnim alitaka ardhi immeze na takia lake. Akaenda kupiga magoti mbele ya Zubeiri, jambo gumu ukiwa na tumbo la kufunga kwa kamba. "Mtani, nisamehe. Nilitaka kukucheka wewe tu. Sikutaka kuliza watu. Nitalipa jogoo, nitalipa hata wawili, nitapanda boti niwaambie wote ni mimi."

Lakini Zubeiri hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama Twalibu, ambaye bado yuko kwenye tope.

"Ulilia kweli?"

"Njia nzima," akasema Twalibu. "Tena niliwahutubia kwenye mtumbwi. Nikasema, tumempoteza mtu aliyekuwa ukuta wa maji haya. Nikasema mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa wakifunga kaniki pale Machelele, na yeye kakulia kwenye mtumbwi wa yule mama, na alikuwa hakubali mtu ayaguse maji ya wazee. Watu walilia, Zubeiri. Hata mpiga kasia aliacha kupiga kasia, tukapelekwa na mkondo."

"Nilikuwa sikubali?"

"Bwana we, ulikuwa umekufa. Ulitaka nikusemeje?"

Zubeiri akatazama mdomo wa Machelele, kitambaa kinapepea. Akajikuna kifuani. "Mama alikuwa ananipa mimi nishike ule mti," akasema polepole. "Yeye anafunga, mimi nashika. Nilikuwa nautikisa makusudi ili anichape." Kisha akageuka kwa waliofika na mtumbwi, wamejaa tope mpaka kiunoni. "Na mlilia nyote?"

"Mimi nililia mpaka kwikwi," akasema yule mama aliyekimbia, akirejea ameshikwa mkono na Subira. "Sasa nirudi nikawaambie nini wenzangu? Kwamba nimemlilia mtu yuko hai, na jioni kaenda kuziba mto kwa chandarua?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye usukani wa mashua.

Na mitumbwi ikawa inafika. Kutoka visiwa vya jirani, kutoka Nyamisati, familia nzima kutoka Mtunda walioacha shamba wakaja na kuku wamewafunga miguu. Kila kundi lilipiga yowe mara mbili: la kwanza kwa kudhani amekufa, la pili kwa kumkuta amekaa kitini. Wakishapoa wanauliza, msiba basi wa nani? Bibi Waride anawaonyesha beseni. Wanalichungulia, wanaona kamba wa saizi ya ukucha wanazunguka ndani, wanacheka mpaka wanashikana, kisha hawaondoki. Nani aondoke na mchele umeshamwagwa chunguni? Bata akachinjwa, na mwenzake akafuata. Tasnim akatumwa kuni, akatumwa maji, akatumwa chumvi, yote na kanzu mwilini, na kila akipita watu wanampa pole yeye, wanamwambia Zubeiri asogee.

Alasiri maji yakajaa. Tasnim aliyaona kabla ya wengine. Mashua ya Zubeiri ilitikisika, ikajinyanyua, ikaelea, wavu mweupe umejaa tele ndani yake. Shaban, nahodha wake, aliyekuwa amelala kutwa nzima ndani ya mashua bila habari na dunia, akaamka, akanyoosha mikono, akawasha mashine.

"Bosi!" akaita. "Maji ndiyo haya! Twende tukauzibe!"

Ua mzima ukaacha kutafuna. Hata Subira. Tasnim alikuwa ameshika sinia la pilau. Zubeiri akasimama kutoka kitini. Akatazama mashua yake. Akatazama Twalibu, ambaye alikuwa anamenya mfupa lakini jicho liko kwake. Akatazama watu wote wale waliokuja kwa ajili yake, tope limewakaukia miguuni kama soksi.

"Shaban," akasema.

"Naam bosi!"

"Huna adabu."

"Bosi?"

"Watu wamekaa matanga, wewe unawasha mashine? Nani kakulea? Zima!" Ile sauti ya kuita kisiwa cha pili ikatoka yote. "Mimi ni mfiwa! Mfiwa anakwenda kuvua? Umeona wapi?"

Mashine ikazimwa. Vigelegele vikapasuka uani hivi kwamba kuku wa Mtunda wakakata kamba. Tasnim akaliweka sinia chini, akaruka, takia likamteremka mpaka magotini, akaendelea kuruka.

"Na matanga ya mto," Bibi Waride akapaza sauti mdomo umejaa, asije mtu akajifanya hajui, "yanaanuliwa siku kitambaa kinapofunguliwa. Siyo kabla."

"Siyo kabla!" Zubeiri akajibu, akiwageukia wageni mkono kifuani, na sura ikawa ya msiba hasa. "Nilimpenda sana marehemu. Nimekua naye. Mama yangu alikuwa ananiambia, Zubeiri, shika huu mti..." Akaanza kulia. Kweli kabisa, machozi haya hapa. Tasnim alimtazama asiamini macho yake. Mikeka ilikuwa imekwisha na wageni bado wanakuja, kwa hiyo Zubeiri mwenyewe akamwamuru Shaban ateremshe ule wavu wa chandarua, ukakunjwa mara nyingi, ukatandikwa chini, na wamama wa Mtunda wakaukalia.

Ndipo kutoka kwenye mkondo kikasikika kilio kingine. Boti kubwa, imejaa, na mbele yake amesimama mwanamke ameshika kichwa, anapiga mayowe.

"Hao wa Kibiti mjini," akasema Twalibu akikinga macho. "Hao bado hawajui."

Tasnim akashika pindo la kanzu, akaanza kukimbilia ufukweni awapungie, awaambie mapema, asizimie mtu majini. Mkono mzito ukamdaka begani.

"Unakwenda wapi, Mmatumbi?"

"Kuwaambia uko hai, mtani."

"Una haraka gani?" Zubeiri alikuwa anajifuta machozi na huku macho yanamng'aa. Alimpandishia takia mpaka kwenye chembe, akamwekea kofia sawa, akatazama huku na huku, akainama akaingia nyuma ya pipa la maji, tumbo limebaki nje. "Tembea kwanza," akanong'ona. "Mguu wa kulia, utupe. Waache waseme kidogo. Hebu tusikie na hawa watanisifu nini."